Mato si tabdila

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni mbali na kwetu, tulipewa shairi la kale tulichambue. Swali mojawapo lilikuwa lile ambalo kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili nchini Kenya amekutana nalo: onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Katika ubeti wa pili palikuwa na neno mato. Darasa zima likaandika kwamba hiyo ni tabdila, yaani macho yamebadilishwa yakawa mato ili kina kipatikane. Mimi nikaandika kwamba hapakubadilishwa kitu. Mato ndiyo macho, na bibi yangu mzaa mama huyaita hivyo kila asubuhi. Nikakatwa alama. Pembeni mwalimu, mtu mwungwana ambaye sina kinyongo naye, aliandika kwa wino mwekundu: "Rejelea maelezo."

Nikayarejelea. Inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila, kuboronga sarufi: orodha nzuri, rahisi kukariri, na mpaka leo naweza kuitaja usingizini. Lakini kwa mtoto wa Lamu orodha ile ilikuwa na kichekesho chake. Kwa mujibu wake, bibi yangu alikuwa akitumia uhuru wa mshairi kutafutia miwani. Mvuvi aliyesema nti, ndia na moya alikuwa akihangaikia vina. Amu nzima, kama tunavyoiita Lamu wenyewe, kuanzia Langoni hadi Mkomani, ilikuwa ikiboronga sarufi kwa ajili ya urari wa mizani, na wenyewe hatuna habari.

Kisa hiki kimenirudia juzi. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu kama nilivyokuwa mimi, alinikuta kibarazani na rundo la vitabu vya mashairi. Akasimama, akavitazama mgongo mmoja baada ya mwingine, akauliza: "Ami, hivi vyote wavisoma vya nini, na mtihani hufanyi?"

Nilimjibu ovyo, maana kahawa ilikuwa inapoa. Jibu la kweli ni kwamba nasoma nijue shairi limenishika wapi. Nashikilia pia kwamba mahali hapo liliponishika, hata pakiwa padogo, hata pakiwa pa aibu, ni ushahidi kuhusu shairi lenyewe, wala hapapaswi kufichwa nyuma ya hesabu ya mizani. Uhakiki wetu umejaa watu wanaoijua bahari ya shairi, yaani aina yake, na hawajui kama walilipenda.

Mizani naipenda, nisieleweke vibaya. Katika utendi, shairi letu refu la kisa au mawaidha, kila ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya mwanzo vinakubaliana kwa kina, na cha nne kinabeba kina kingine ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo tulifundishwa. Hatukufundishwa jambo hilo linamfanya nini msikilizaji. Baada ya beti kumi hivi sikio huacha kusubiri maana na kuanza kusubiri kina kile cha nne, na mtunzi hodari anajua umekwisha kunasa, kwa hiyo neno zito analiweka hapohapo unapotegea sikio. Ukihesabu tu, utapata nane, nane, nane, nane, na utakuwa umesema kweli.

Utendi wa Mwana Kupona niliusikia kabla ya kuusoma. Bibi alikuwa na beti zake nyingi kichwani, na aliziimba akisuka ukili, kwa sauti ya chini kama mtu anayejisemea. Nikiwa na miaka kumi sikusikia maneno, nilisikia mahadhi. Nilipofika ishirini nikausoma kitabuni na kukasirika: mke afanye hivi, mume afanyiwe vile, afukizwe, apepewe, aombwe ruhusa ya kutoka. Nikaufunga. Nilikuwa kijana wa chuo, na vijana wa chuo hukasirika kwa niaba ya watu ambao hawajawatuma.

Nilipoufungua tena mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani, na hapo ndipo niliona jinsi unavyoanza. Tendi nyingi huanza kwa Bismillahi, huu unaanza kwa mama kumwita binti. Anamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima hata hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Asogee basi, akae, alete wino na karatasi, kuna hadithi moyoni. Binti akishakaribia, ndipo anaambiwa aandike jina la Mungu. Yaani dua yenyewe inangoja kiti. Mwandishi wa riwaya angeilipia pesa nyingi sura ya kwanza ya namna hii: chumba, mgonjwa, msichana mwenye kalamu, na maneno yaliyocheleweshwa mwaka mmoja.

Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa kiongozi wa Siyu, mji uliopambana na Seyyid Said wa Zanzibar, kwa hiyo mwanamke huyu aliujua mtutu wa bunduki ulivyo. Lakini wasia aliomwachia bintiye haukuwa wa vita. Alimwachia namna ya kuishi na Mungu na namna ya kuishi ndani ya nyumba, jambo kwa jambo, agizo juu ya agizo. Wapo wanaousoma kama mkataba wa kumfunga mke. Wapo wanaouona kuwa ni hila ya mwanamke mwenye akili, anayemfundisha bintiye kumtawala mume kwa kumbembeleza kama mtoto. Mimi wa pili hawanishawishi sana. Naona Mwana Kupona alikusudia alichosema, kwa imani yake na zama zake. Kilichonishika ni mwendo wa maagizo. Yanafuatana kwa haraka ya mtu anayejua kwamba hatapata nafasi ya kurudia. Mama yangu naye, wiki zile za mwisho, alikuwa akitoa maagizo: funguo ziko wapi, fulani tunamdai kiasi gani, mtungi usiachwe wazi. Sikusikia mapenzi ndani ya maneno yale hadi nilipomsoma mwanamke wa Siyu.

Huo si uhakiki, ataniambia mtu. Sawa. Lakini bila ya ugonjwa wa mama nisingeuona mpangilio wa beti nne za mwanzo, na mpangilio ule upo kitabuni, mtu yeyote anaweza kwenda kuutazama.

Huwa nasikia watu wakiuliza kama Kiswahili kina riwaya za kishairi. Wanaouliza wamesoma za Kizungu, na swali lao linanikumbusha yule aliyeuliza kama Lamu kuna punda. Pate, kisiwa jirani na chetu, ilikuwa na utendi wa zaidi ya beti elfu moja mwaka 1728, nao ni ule wa Tambuka wa Bwana Mwengo bin Athumani, wenye majeshi, wafalme, mabalozi na farasi. Nakiri kwamba umenishinda mara mbili, mara zote mbili katikati ya mapigano, upanga ulipoanza kufanana na upanga uliotangulia. Kuchoka nako ni jibu la msomaji, na tendi zetu zina haki ya kuchosha kama riwaya yoyote nene. Tunazikosea heshima tunapozisifu zote sawasawa, kama vyombo vya makumbusho vilivyofungiwa kabatini.

Pushkin wa Urusi aliandika Eugene Onegin kwa beti za mishororo kumi na minne kumi na minne. Zaidi ya karne moja baadaye Mhindi mmoja, Vikram Seth, alisoma tafsiri yake ya Kiingereza akashikwa, akaandika hadithi ya vijana wa San Francisco kwa beti 590 za umbo hilohilo. Kitabu kinaitwa The Golden Gate, kilitoka mwaka 1986. Nilikipata kikiwa kimeachwa na mgeni katika nyumba ya wageni, jalada limelika kwa unyevu wa bahari. Seth hakuishia kwenye hadithi. Hata shukrani na orodha ya yaliyomo aliziandika kwa vina. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Ni mchezo wa ustadi kweli, lakini ukiusoma ukiwa Lamu unaona ni desturi ya ukoo. Watunzi wetu wa tendi wamekuwa wakitia jina lao, tarehe, hata idadi ya beti ndani ya beti zenyewe, ili mnakili mvivu asipate pa kupunguza wala pa kuongeza.

Nusu ya kwanza ya Seth niliisoma kwa furaha ya mtu anayetazama mcheza karata mwenye vidole vyepesi. Kisha katika hadithi yake kuna mtu anakufa, na umbo halibadiliki. Mishororo ni ileile kumi na minne, vina vilevile. Wasomaji wengine wangesema ubeti umeshindwa kuomboleza. Mimi, niliyelelewa na bahari ya utendi isiyosimama kwa ajili ya maiti wa mtu, nililisikia jambo hilo kama ukweli. Msiba hutokea, na adhana ya alasiri haiahirishwi.

Diwani, mkusanyo wa mashairi, ni jambo jingine. Utendi unakuchukua kwa mwendo. Diwani inakuacha utembee mwenyewe, uchague mlango. Sijawahi kusoma diwani kutoka mwanzo hadi mwisho, na simwamini sana anayesema amefanya hivyo. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla niliisoma vipande vipande kwa miezi, nayo niliisoma mahali ambapo sikupachagua kwa makusudi: ndani ya Ngome ya Lamu, kwenye maktaba. Ngome hiyo ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Abdilatif hakufungwa hapo. Yeye alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969, kwa karatasi aliyoiandika akiuliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kejeli hiyo mtunzi mwenyewe asingethubutu kuitunga. Wasomaji wangesema ametia chumvi.

Basi kuta zile nene zilinisaidia, lakini shairi lililonishika halikuwa la jela. Lilikuwa lile la ndugu wawili wanaobishana juu ya mnazi. Shuleni tulikwisha ambiwa jibu: mnazi ni nchi, na ndugu wale ni mwenye nacho na asiye nacho. Jibu ni sahihi. Shida ni kwamba lilifika mapema mno, kabla ya mnazi wenyewe. Kwetu mnazi ni mnazi. Una mwenyewe, aliyeupanda ana haki na mwenye ardhi ana haki nyingine, nao ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hufikishana kwa kadhi kwa sababu ya minazi sita. Nimewaona wazee wawili waliokuwa wakisali safu moja wasipeane salamu mwaka mzima kwa jambo hilo. Nilipolisoma shairi lile kama ugomvi wa ukoo, lenye maneno makali ambayo ndugu tu wanajua kuambiana, siasa yake ilinijia baadaye yenyewe, na iliuma zaidi. Ukiugeuza mnazi kuwa nchi haraka haraka, unaipoteza nazi na unaipoteza nchi.

Wale wa mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, nitawapitia upesi, ingawa nina deni nao. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilipotoka mwaka 1974 kilizusha ugomvi ambao majivu yake bado yana moto, na mimi nilirithi upande wa ugomvi kabla ya kusoma kitabu. Pwani tulisema: hiyo ni nathari iliyokatwa kwa mkasi. Nilisema hivyo miaka mingi, kwa kujiamini kabisa. Kilichonibadilisha ni jambo dogo. Nilikuwa nikitazama diwani ya Kithaka wa Mberia, ambaye hupenda kuyapanga maneno yakaporomoka ukurasani au yakatawanyika, na nikagundua kwamba sikuwa nikiisoma kwa mdomo kama nilivyozoea. Nilikuwa nimenyamaza, naangalia. Shairi lile lilitaka mato, halikutaka sikio. Hapo nikaacha kulidai kodi ambayo halikuandikishwa kuilipa. Sijasema nayapenda yote. Mengine bado ni mkasi.

Kwenye Al-Inkishafi ndipo ninapotakiwa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu hapo kiburi changu cha mato si tabdila kilinidanganya. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga kwa lugha ya visiwa hivi, mizani kumi kwa kila mshororo, akiuonya moyo wake mwenyewe kwa kuuonyesha magofu ya Pate. Maneno nilidhani nayajua. Madaka, kwa mfano, vile vijumba vya ukutani vilivyokuwa vikipambwa kwa sahani za kaure: yamo katika nyumba zetu, nimekua nikificha ndani yake shanga za dada zangu. Kwa hiyo nilisoma mahali anaposema kwamba palipokuwa na sahani sasa wamelala makinda ya ndege, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani, nikapita.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Pate kwa shughuli ya harusi. Unashuka Mtangawanda, unaendelea hadi mjini, na mara unajikuta kati ya kuta zisizo na dari, na katikati ya kuta hizo watu wamelima tumbaku. Tumbaku nzuri, yenye majani mapana, inanyweshwa na kupaliliwa ndani ya sebule ya mtu. Hilo Sayyid Abdallah hakuliandika. Yeye aliandika ukimya, buibui, popo na bundi; mimi niliona jembe. Nikarudi nikausoma upya, na mara hii nilisikia kwamba anayesemeshwa ni moyo, si msafiri, na kwamba magofu yale ni hoja anayoitoa baada ya hoja nyingine kushindwa. Mtu anagombana na moyo wake usiosikia, na kwa kukata tamaa anaushika mkono, anaupeleka Pate. Kuyajua madaka kulinifanya nidhani nimefika, kumbe nilikuwa bado sijapanda chombo.

Na kuna jambo jingine, la pembeni kidogo. Siku hizi ukipita Mkomani au Shela utaona nyumba za kale zilizonunuliwa na wageni na kukarabatiwa vizuri mno. Madaka yamerudishiwa sahani. Mwenye nyumba yuko Ulaya miezi mingi ya mwaka, na mtunzaji huwasha taa jioni ili kuta zisiingie unyevu. Kila nikiziona sahani hizo nauwaza utendi ule, na sipati jibu kama Sayyid Abdallah angefurahi au angeongeza ubeti.

Watunzi walio hai wana bahati na mkosi wao. Lamu kuna Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, tunayemwita Ustadh Mau, imamu na malenga, mzaliwa wa 1952. Wasiya wa Mabanati wake wa miaka ya sabini, wenye kisa cha msichana aliyehadaiwa na mwanamume, watu wa rika langu waliupata kwa kaseti, si kwa kitabu. Mwaka 2023 Annachiara Raia na Clarissa Vierke walihariri kitabu kikubwa cha mashairi yake, kikatolewa na Brill, shirika la Leiden. Nashukuru kipo. Lakini kwangu mimi kina ugeni fulani: ukurasa uko kimya mahali nilipozoea kusikia mtu anakohoa, anameza mate, anaanza upya. Msomaji wa Leiden atapata maelezo ya chini ya ukurasa ambayo sina. Mimi nina kikohozi. Sijui nani kati yetu ana toleo kamili.

Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa hapa, aliandika Sambo ya Kiwandeo, utungo unaojenga jahazi kwa maneno, kitabu kilichochapishwa 1979. Nilikichukua siku moja hadi Matondoni, nikamsomea fundi mmoja aliyekuwa akiziba nyufa za jahazi kwa kalafati. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Mkuku, taruma, mlingoti, foromali, vyote vikapita. Kisha akaniambia kuna mahali angefanya tofauti kidogo. Hakusema kama shairi ni zuri. Alilisahihisha kama anavyosahihisha kazi ya fundi mwenzake, na sijawahi kuona mhakiki akimpa mtunzi heshima kubwa kuliko hiyo.

Turudi kwa yule msichana wa kibarazani. Nilimuuliza yeye anasoma nini. Akatoa simu. Alikuwa anasoma Long Way Down ya Jason Reynolds wa Marekani, kitabu cha 2017, hadithi nzima kwa mashairi. Kijana wa miaka kumi na tano, Will, kaka yake ameuawa kwa risasi. Anaichukua bastola ya kaka, anaingia kwenye lifti ya jengo lao kwenda kulipiza kisasi. Safari ya lifti ni sekunde sitini. Katika kila ghorofa mlango unafunguka na anaingia mtu, na kila anayeingia ni mfu aliyeuawa kwa bunduki. Wanaongea naye wakishuka.

Nilimwazima simu nikakimaliza kwa jioni moja na nusu, jambo lililoniudhi kidogo, maana utendi haumalizwi hivyo. Mistari mifupi, weupe mwingi, kidole kinatelezesha. Hakuna kina cha kukushika; kinachokushika ni namba za ghorofa. Nilimwambia kwamba sikusikia sauti, nilisikia mwendo tu. Akasema, "Ami, hiyo ndiyo lifti." Nikanyamaza. Katika mji wetu wa ghorofa mbili tatu lifti hatuna, na yeye ameipanda Mombasa tu, lakini aliielewa pumzi ya kitabu kile kuliko mimi: mistari ile mifupi inakata kama mlango unavyofunga. Mwalimu wake angeiita mistari mishata, isiyokamilisha maana peke yake, na wakati huu jina la maelezo lingekaa sawa kabisa na jambo lenyewe.

Nikampa basi Utendi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa hapa Amu, wa mwaka 1913. Nilimpa kwa sharti moja: asiusome kwa macho. Tukakaa juu darini baada ya isha, upepo wa kusi, yeye anasoma kwa sauti na mimi nategea. Mwanzoni alikwama kwenye maneno, kisha bahari ikamchukua. Mahali ambapo Liyongo amefungwa na mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani, alicheka. Mahali ambapo mtoto wake mwenyewe anamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala, hakucheka.

Halafu akafika kisimani. Liyongo aliyechomwa ametoka, amepiga goti, ameuvuta upinde na mshale umo ndani, na hapo amekufa. Watu wanamwona kwa mbali wanadhani yu hai na ana hasira. Hakuna anayethubutu kuchota maji. Mji una kiu. Sehemu hii nimeisoma pengine mara ishirini na kila mara nilichokiona ni kisima: shujaa ambaye hata maiti yake inauzuia mji maji. Mtu wa kisiwa huiona kiu kwanza. Kisha mama anapelekwa akambembeleze mwanawe aondoke, awaonee watu huruma, naye anamsemeza kwa upole, kama anavyosemezwa mtu aliyekasirika.

Msichana akaacha kusoma. Nikadhani amekutana na neno gumu.

"Ami," akasema, "kwenye lifti wafu wanajua kwamba wamekufa, na wanamsemesha aliye hai."

"Ndiyo."

"Hapa ni mama anamsemesha mfu, na hajui."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, pamoja na habari za Kijumwa, za Ozi na kaburi linalooneshwa Kipini. Nikayaacha. Alikuwa amekwisha inamisha kichwa kwenye kitabu, kidole kikitafuta mahali alipoachia.